Mwandiko Ulio Katika Daftari la Mtoto Ni Wangu

SWALI

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Tanga, nina umri wa miaka 27, na huu ni mwaka wangu wa tatu katika kituo kimoja cha binafsi ambacho naomba kisitajwe. Nina watoto 38 katika chumba kimoja, wadogo kabisa wakiwa na miaka mitatu na wakubwa wakikaribia mitano. Ninasaidiwa na dada mmoja, ambaye pia ndiye anayepika uji na kuosha vyombo, kwa hiyo sehemu kubwa ya asubuhi niko nao peke yangu.

Kila siku, tukishaimba na kusali, tunaanza kazi ya madaftari. Mkurugenzi wetu ameagiza kwamba kila mtoto arudi nyumbani na ukurasa mmoja wa herufi na mmoja wa namba, zote zikiwa zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu na kuwekewa vema na tarehe. Lakini nikimpa mtoto wa miaka mitatu penseli na kumwambia aandike mstari wa herufi "a", huchora kitu kama konokono, kisha hugeuza daftari juu chini na kuendelea kuchora upande wa pili. Mara ya kwanza nilipopeleka nyumbani madaftari ya namna hiyo, wazazi wawili walikuja ofisini kulalamika kwamba hawalipi ada ili mtoto aje kucheza, na mkurugenzi akaniita. Tangu siku hiyo ninafanya kama nilivyowakuta wenzangu wakifanya: ninaukamata mkono wa mtoto ndani ya mkono wangu, na tunaandika. Mtoto ameshika penseli, lakini anayeandika ni mimi. Kuna siku muda unanibana, na hapo mtoto huwa hayupo hata kwenye kiti. Ninamalizia kurasa mwenyewe wakati wao wanakunywa uji.

Wanaosubiri zamu yao hukaa wamelaza vichwa mezani. Wapo wanaosinzia, na wapo wanaojikojolea, kwa sababu nimekataza mtu kutoka mpaka nimalize meza yao. Wakianza kutoka siwezi kuwarudisha wote.

Wiki iliyopita baba wa mvulana mmoja mwenye miaka mitatu na miezi tisa alinifuata langoni akiwa na daftari la mwanawe. Alisema kwa upole kabisa: "Mwalimu, jana nilimpa penseli amwandikie bibi yake hii 'a', akashindwa hata kuianza. Na hapa nimehesabu, ameandika kurasa 14. Je, mwanangu ana tatizo?" Nilibabaika. Nilimjibu kwamba watoto wengi huona haya wakiwa nyumbani. Aliniamini, akanishukuru, akasema atamkazania kila jioni mpaka haya zimtoke. Juzi, mtoto huyo aliponiona tu nachukua penseli, alificha mikono yake chini ya meza.

Mwezi wa kumi na moja tuna mahafali, na mkurugenzi anataka kila mtoto apewe ripoti yenye alama na nafasi aliyoshika darasani. Kazi hii ninaihitaji, kwani nina mama ninayemtunza. Nikisema ukweli nitaonekana tapeli, na nikinyamaza yule mtoto ataendelea kukaziwa jioni kwa ajili ya uongo wangu. Nifanye nini?

Mwalimu wa Chekechea, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na mtoto aliyeficha mikono, kwa sababu hayo mengine yote, ya mkurugenzi, ya ripoti na ya mahafali, yanaweza kungoja wiki mbili tatu, lakini la kwake haliwezi. Huko nyumbani yuko baba mwema anayemkalisha mwanawe kila jioni na kumtaka arudie jambo ambalo hajalifanya hata siku moja. Baba haelewi kwa nini mtoto anashindwa, na mtoto naye haelewi kwa nini anaambiwa kwamba aliweza. Mtafute baba huyo kabla ya Ijumaa, mwonane ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu wala si langoni mbele ya wazazi wengine, na umwambie maneno machache: "Siku ile sikukujibu sawasawa. Zile kurasa mtoto hakuziandika peke yake, mimi nilikuwa nimemshika mkono. Mtoto hana tatizo, umri wake bado. Nakuomba usimkazanie tena jioni, nami nitakuonyesha yale anayoyaweza mwenyewe." Ukishasema hayo nyamaza, umwache aseme yake. Huenda akakasirika, na ana haki. Usimtupie mkurugenzi lawama katika mazungumzo hayo, ingawa agizo lilikuwa lake, kwa maana mzazi aliyekuuliza wewe anataka jibu lako wewe.

Unaogopa kuonekana tapeli. Mimi nami, katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, niliishika mikono ya watoto ili daftari lipendeze, na hakuna aliyenifundisha kuwa ni kosa. Nilidhani ndiyo namna ya kufundisha mwandiko. Tofauti yetu ni kwamba mimi sikupata mzazi wa kuniuliza, kwa hiyo niliendelea mwaka mzima. Wewe umeulizwa mapema.

Sasa tuangalie kwa nini yule mtoto huchora konokono, maana bila kulielewa hili hutakuwa na la kumwambia baba wala mkurugenzi. Maumbo huujia mkono wa mtoto kwa mfuatano ambao walimu wa watoto wadogo wanaujua vizuri. Akiwa na miaka miwili hivi, ukimchorea mstari uliosimama naye huiga mstari. Karibu na miaka mitatu huweza kuiga mduara na, hasa, kuufunga, yaani kurudi pale alipoanzia. Msalaba humjia karibu na miaka minne, mraba baada ya hapo kidogo, na pembetatu, yenye mistari ya mshazari, karibu na miaka mitano. Wapo wanaowahi na wapo wanaochelewa kwa miezi kadhaa, na hilo ni jambo la kawaida. Sasa itazame herufi "a" ya daftarini: ni mduara unaofungwa, kisha mkono unasimama hapo hapo bila kunyanyuka, unageuka na kushuka na kijiti. Herufi "k" na "w" zina mishazari ileile ya pembetatu. Kumtaka mtoto wa miaka mitatu na miezi tisa ajaze mistari ya herufi hizo, zikae juu ya mstari na ziwe na ukubwa mmoja, ni kumtaka kitu ambacho mkono wake haujafika. Konokono wake ni mduara unaotafuta kujifunga, kwa hiyo mtoto wako yuko palepale anapotakiwa kuwa kwa umri wake.

Utasikia watu wakisema kwamba ni suala la mifupa, kwa kuwa kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane, na mtoto anapozaliwa yote huwa bado ni gegedu inayogeuka mfupa kidogo kidogo, wa mwisho ukianza kugeuka mtoto akiwa na miaka kati ya 8 na 12. Hilo ni kweli, lakini usilitumie kama hoja yako kuu, kwa sababu watoto wa miaka sita huandika vizuri tu kabla mifupa hiyo haijakamilika. Kinachotawala zaidi ni misuli ya bega, ya mkono na ya vidole, jicho kujifunza kuuongoza mkono, na ubongo kuyazoea maumbo yenyewe. Hayo yote hukomazwa kwa kubeba, kukanda, kupanda, kumwaga na kuchora. Mkono uliokamatwa ndani ya mkono wa mwalimu haupati hata moja kati ya hayo, kwani nguvu zinatoka kwako na uamuzi wa wapi pa kugeukia unatoka kwako pia.

Kisha tupige hesabu. Tuseme unampa kila mtoto dakika nne kwa kurasa zake zote mbili. Watoto 38 mara dakika nne ni dakika 152, yaani zaidi ya saa mbili na nusu. Kila mtoto hupata dakika zake nne za kushikwa mkono, na zinazobaki, 148, hukaa amelaza kichwa mezani. Ndiyo kusema kwamba kazi kubwa ya asubuhi katika darasa lako si kuandika, bali ni kungoja, na wanaojikojolea wanajikojolea kwa sababu ya kungoja. Kwangu mimi hilo ndilo zito kuliko hata mwandiko. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kubana haja yake kwa amri, na anayelowa mbele ya wenzake hujifunza jambo moja tu siku hiyo, nalo si herufi. Amri hiyo ya kutotoka ifute kesho asubuhi. Huhitaji ruhusa ya mkurugenzi kwa hilo. Wapeleke chooni kwa makundi kabla ya uji na baada ya uji, na anayeomba katikati aende akisindikizwa na mwenzake mkubwa kidogo, ikiwa choo kiko mahali unapopaona.

Nije kwa mkurugenzi na wale wazazi wawili waliolalamika. Usiwaone wazazi hao kuwa wajinga. Wanatoa ada kila mwezi, wanamkabidhi mtoto saa moja asubuhi na kumchukua mchana, na hawaoni kinachofanyika katikati. Daftari ndilo risiti yao. Ukiwanyang'anya risiti hiyo bila kuwapa nyingine watalalamika tena, mkurugenzi ataogopa kupoteza watoto, na wewe utarudi kushika mikono. Kwa hiyo usiende ofisini kusema kwamba madaftari ni mabaya. Nenda na risiti nyingine mkononi.

Namna ya kuitengeneza ni hii. Chukua bahasha kubwa au faili la karatasi kwa kila mtoto. Kila mwisho wa mwezi mwambie achore mtu, bila kumsaidia, na nyuma ya karatasi uandike tarehe, umri wake kwa miaka na miezi, na yale aliyoyasema kuhusu mchoro wake, kwa maneno yake mwenyewe. Mwezi wa kwanza utapata kichwa chenye miguu inayotokea kidevuni. Usicheke, karibu watoto wote huanzia hapo. Miezi mitatu baadaye tumbo litaonekana, halafu mikono, halafu vidole ambavyo huenda vikawa saba. Mzazi akizipanga karatasi hizo mezani kwa mfuatano huona mwanawe akikua, na hakuna ukurasa wa "a" wenye vema jekundu unaoweza kumwonyesha hilo. Ongeza sentensi mbili za yale uliyoyaona: kwamba sasa anavaa viatu mwenyewe, kwamba alimgawia mwenzake andazi, kwamba anahesabu visoda mpaka kumi akivigusa kimoja kimoja bila kuruka. Huo ndio upimaji unaofaa umri huu, nao hufanywa kwa kumtazama mtoto akiwa kazini.

Mkurugenzi akikuuliza ni wapi umeyatoa hayo, unayo majibu. Kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK tatu, ndizo zilizowekwa kuwa kiini cha darasa la kwanza na la pili katika mtaala wa shule za msingi ulioanza mwaka 2015. Hata darasa la awali, ambalo mtoto huliingia kwa kawaida akiwa na miaka mitano, limejengwa juu ya mambo kama kuhusiana, kuwasiliana na kutunza afya, na ujifunzaji wake ni wa michezo na wa kona za ujifunzaji, yaani pembe za darasa zenye vifaa vya aina tofauti. Uwiano unaotarajiwa huko ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, nawe una 38 walio wadogo kuliko hao. Aidha, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeziweka pamoja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Maana yake ni kwamba uji wa saa nne, safari ya chooni na kumbembeleza anayelia asubuhi ni sehemu ya kazi aliyoisajilia kituo, sawa na herufi.

Na kuhusu usajili, jiulize kimya kimya kituo chenu kimesajiliwa kama nini. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kupitia Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na madarasa ya awali yako upande wa elimu. Kwa kituo cha kulelea, mtu wa kumwendea ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na kwa darasa la awali ni wathibiti ubora wa shule. Sikuelekezi huko ukamshitaki mkurugenzi wako leo. Ninakueleza ili ujue kwamba ukifukuzwa kwa kukataa kuandika uongo kwenye ripoti unayo milango ya kubisha, na kwamba mkurugenzi mwenyewe anaweza kuomba ushauri hukohuko bila aibu. Wengi wa wamiliki hawa ninaowafahamu si watu wabaya. Ni watu walioona kituo cha jirani kikijaa watoto kwa sababu ya madaftari mekundu, wakaiga.

Sasa una saa mbili na nusu mikononi mwako, na hapa ndipo ninapotaka ukae na kufikiri, maana darasa lisilo na madaftari na lisilo na mpango wowote ni vurugu tupu, na wazazi wale wawili watakuwa wamesema kweli.

Pwani yetu ina urithi mzuri katika jambo hili. Mwaka 1986, kule Mombasa, mwalimu Swafiya Said alianza kazi ya chekechea za madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, kazi ambayo ilifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Kilichowavutia wengi si majengo, kwa kuwa nyingi zilikuwa za jamii tu na hazikuwa na fedha. Ni vile vifaa vya kujifunzia vilivyotengenezwa kwa vitu vya mtaani, na mpangilio wa siku ambao mtoto huchagua kona atakayofanyia kazi, akafanya, kisha akaeleza alichofanya. Mambo hayo unaweza kuyafanya Tanga bila kuomba fedha za mtu. Vifuu vya kuchotea na kumwagia maji au mchanga unavyo. Visoda utavipata kwenye duka lolote la vinywaji, ila vioshe na uhakikishe havina makali, na vile vidogo vya kumezeka viweke mbali na wadogo wako wa miaka mitatu. Makombe ya baharini yanapangwa kwa ukubwa, kwa rangi na kwa umbo, na hiyo ni hisabati. Unga wa ngano uliokandwa kwa chumvi na maji huvipa vidole mazoezi ambayo penseli haiwezi kuyatoa. Mwalike bibi mmoja wa mtaani anayesuka ukili akae nao kwenye mkeka nusu saa. Wakubwa wako watajaribu kusuka, wadogo watachana ukindu, na wote watasikia mazungumzo ya mtu mzima asiye na haraka.

Ligawe darasa katika makundi manne, kila kundi na kona yake, yabadilishane baada ya uji. Wewe kaa na kundi moja tu kwa wakati mmoja, na dada wa uji, kabla hajaenda jikoni, azunguke kwa mengine. Siku tatu za kwanza zitakuwa ngumu, kwa sababu watoto waliozoea kulaza vichwa hawajui la kufanya na uhuru; watapigania vifuu na mchanga utaingia machoni. Vumilia. Waonyeshe kila kifaa kinakaa wapi, na uwe mkali kwa jambo moja tu, nalo ni kurudisha kitu mahali pake.

Na usije ukadhani kwamba ninakuambia uache kuwaandaa kusoma. Kiswahili kimetuhurumia katika hili, kwani silabi zake ziko wazi na husomwa kama zilivyoandikwa, hivyo sikio lililozoea silabi huwa limeshafika nusu ya njia. Wapigishe makofi: sa-ma-ki, makofi matatu, pa-pa, mawili, ki-bo-ko, matatu tena. Waulize ni nani ambaye jina lake linaanza kwa "ma". Watege vitendawili vyepesi kama nyumba yangu haina mlango, na usiwape jibu haraka, uache wabishane. Wasimulie hadithi ileile kwa siku tano mfululizo mpaka wakusahihishe ukikosea. Ikiwa kituo chenu ni cha mchepuo wa Kiingereza, kama vilivyo vingi sasa, hayo yote bado yafanywe kwa Kiswahili na nyimbo za Kiingereza zije pembeni. Mtoto anayeambiwa asubuhi kwamba herufi ile inaitwa "ei" na jioni bibi yake akamwambia inaitwa "a" hana kosa akichanganyikiwa.

Penseli usizifiche. Ziweke kwenye kona moja pamoja na chaki na karatasi za upande mmoja, na atakayetaka kuandika aandike. Utawaona wawili watatu wa miaka minne na zaidi wanaokujia wenyewe wakitaka kuandika majina yao. Hao waonyeshe, mara moja, polepole, penseli ikiwa mkononi mwako na juu ya karatasi yako, kisha wajaribu kwenye zao. Na anayeshika kwa mkono wa kushoto usimhamishe. Bado ninakutana na walimu wanaompiga mtoto kibao cha mkono kwa sababu ya kushoto, na sijui wanadhani wanamfaidisha nani.

Baba alikuuliza kama mwanawe ana tatizo, na swali hilo lina heshima yake. Usilifute kwa kumwambia tu kwamba yote ni sawa. Mwulize na yeye. Je, mtoto akiitwa kwa nyuma anageuka? Akizungumza, mtu asiye wa nyumbani anamwelewa kwa sehemu kubwa? Anacheza na wenzake, anaigiza kupika au kuendesha gari? Kuna jambo alilokuwa akiliweza na sasa hawezi tena? Majibu yakitia shaka, mwelekeze kliniki ya watoto wakamtazame masikio na makuzi yake. Yakiwa mazuri, kushindwa kuandika "a" si dalili ya kitu chochote.

Inabaki ripoti na mahafali. Kuhusu ripoti, mwombe mkurugenzi akuachie ujaribu mwaka huu kwa darasa lako peke yake: badala ya alama na nafasi, kila mzazi apewe bahasha ya michoro na ukurasa mmoja wa maelezo, na siku moja kabla ya mahafali wazazi waalikwe kukaa darasani asubuhi nzima kwenye viti vile vidogo. Mwambie ukweli kwamba huwezi kutia sahihi nafasi ya kwanza hadi ya 38 kwa kazi uliyoiandika wewe mwenyewe, kwa sababu mzazi mmoja ameshagundua, na wa pili hatakuja kwa upole kama wa kwanza. Hoja hii ya mwisho ndiyo atakayoisikia haraka kuliko zote nilizokupa, kwa hiyo anza nayo. Akikataa kabisa, jaza yale uliyoyaona kwa macho yako na uache safu ya nafasi wazi, ajaze yeye. Inawezekana ukaipoteza kazi kwa hilo, siwezi kukudanganya. Anza basi kuulizia vituo vingine tangu sasa, ukiwa bado na mshahara.

Mahafali yenyewe sina ugomvi nayo. Watoto wa miaka mitano waliovaa joho jua likiwaka si jambo ambalo ningelipanga mimi, lakini wazazi wanafurahi na picha zinapendeza. Acha waimbe. Ila asisimamishwe mtoto mbele ya watu kusoma sentensi aliyokaririshwa huku amekishika kitabu juu chini. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na ukumbi mzima ulipiga makofi.

Daftari la yule mvulana, lenye zile kurasa 14, usilichane na usilifiche. Mpe baba yake alitunze, kwa kuwa ameshajua ni mwandiko wa nani. Wewe chukua karatasi mpya, iweke kwenye kona ya chaki na penseli, na usimwite. Siku atakapoitoa mikono chini ya meza na kuja mwenyewe, mwache achore konokono wake, kisha mwulize akuambie ni nini, na hayo atakayokuambia uyaandike pembeni, kwa mwandiko wako, pamoja na tarehe.